Ameshauriwa

Mugeta wa Ukara alisimama mlangoni
na fomu ya kijani, nakala tatu.
Nilimpa dakika nne. Nakumbuka kwa sababu
chai yangu haikuwahi kupoa.
"Unaacha Hesabu za Biashara?" "Ndiyo, mwalimu."
"Una uhakika?" "Ndiyo, mwalimu."
Nikatia saini, ile yenye mkia mrefu
niliyoibuni nilipopata shahada ya pili,
kisha nikagonga muhuri.
Muhuri ulisema: AMESHAURIWA.

Muhula uliofuata jina lake liliitwa,
likaitwa tena,
halafu karani akalikata kwa rula.
Kumbe somo lile ndilo lililobeba mengine matano.
Kumbe nini! Mimi nilijua.
Limo kwenye kitabu cha mwongozo,
ukurasa niliouandika kwa mkono wangu.
Yeye angejulia wapi?
Siku hizi yuko Bwiru, anachomelea mageti,
na mageti yake ni mazuri, nimeyaona nikipita,
lakini sikumshauri kuchomelea.
Sikumshauri kitu.

Basi Minza Lubango alipoleta fomu yake
kalamu niliiacha ilipo. Nikavuta kiti,
si kile cha ng'ambo ya meza, cha washtakiwa,
bali cha dirishani, panapoonekana ziwa
na magugu maji yaliyohama usiku
yakaja kulala Nyegezi bila kuaga.
Nikauliza swali lisilo na kisanduku cha kujaza:
"Leo umeamka saa ngapi?"

Alinitazama kama anayedaiwa.
"Saa tisa."
"Kusoma?"
"Mwaloni."
Dagaa hupokelewa gizani, akasema.
Mama mguu umevimba, gunia halimsubiri mgonjwa,
na Takwimu inaanza saa moja asubuhi.
"Si kwamba sielewi, mwalimu. Nasinzia."

Nilikuwa na hotuba tayari:
nidhamu, ratiba, sisi enzi zetu.
Niliimeza, kama unavyosukuma mwiba wa sato
kwa tonge kavu, macho yakilenga machozi.
Badala yake nikauliza habari za magunia.
Hapo akachangamka, mikono ikaanza kusema:
katika kila magunia ishirini hufungua mawili,
huzamisha mkono mpaka kiwiko, hupima mchanga,
akajua mzigo mzima umechakachuliwa kiasi gani.
"Unajua hiyo inaitwaje?"
"Inaitwa kutoibiwa."
"Inaitwa sampuli. Ni sura ya tatu."
Alicheka. Kisha akanyamaza,
akaigeuza ile fomu uso chini.

"Mkondo wa jioni unaweza kuhamia?"
"Sijui," nikasema.
Miaka kumi na moja sikuwa nimelitamka neno hilo ofisini.
Halikuvunja kikombe.
Tukapanda ngazi pamoja hadi Taaluma,
mimi nikihema, yeye akinisubiri kwa heshima.
Bwana Ng'wandu akasema tarehe imepita.
Tukakaa. Akasema tena imepita.
Tukaendelea kukaa.
Karatasi ilipatikana kwenye droo ya chini,
chini ya mwavuli na risiti za mwaka juzi.

Alipata C. Sitaipamba.
Bado husinzia Alhamisi,
ila sasa huja na maswali yasiyohitaji saini,
na mara moja alileta dagaa kwenye gazeti,
nikamlipa, akakataa, nikamlipa.
Wenzangu huniuliza nimepata wapi muda.
Sijapata. Foleni mlangoni imerefuka,
na chai nainywa baridi.

Jumamosi nilikwenda Bwiru.
Nilimwambia Mugeta nahitaji geti.
Sina ukuta.
Alizima mashine, akavua miwani myeusi,
akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa.
Futi kamba ilikuwa mfukoni, hakuigusa.
"Kwanza, mwalimu," akasema,
"nieleze nyumbani kwako pamekaaje."